Somo: Kuomba tuzo na ufadhili wa watafiti waliofika katikati ya taaluma

Somo hili ni kwa wahadhiri waandamizi na watafiti wa Dar es Salaam, kuanzia Mlimani hadi Muhimbili, ambao walipata shahada ya uzamivu miaka kadhaa iliyopita na sasa fursa za watafiti chipukizi haziwahusu tena.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla ya kuandika chochote. Ufadhili wa Guggenheim, wakfu wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1925, ni wa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani na Kanada. Tuzo ya Friedrich Wilhelm Bessel, inayotolewa na Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani, haiombwi na mtafiti mwenyewe, bali anapendekezwa na msomi aliyeko Ujerumani, na uzamivu wa mtafiti huyo usiwe umepita miaka 18. Ufadhili wa kukuza taaluma wa Wellcome, wakfu wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, ambao kwa kawaida ni wa miaka 8, unaweza kusimamiwa na taasisi ya hapa nchini, na kwa maoni yangu watafiti wa afya waanze na huo.

Hatua ya 2: Tunga swali lako. Hapa pana kazi kubwa, kwa sababu waamuzi wa ngazi hii wanatafuta swali lililo lako, si mwendelezo wa kazi ya aliyekusimamia. “Nitachunguza malaria Tanzania” haliwaambii kitu. Lakini ukiuliza kwa nini mbu Anopheles funestus anaendelea kueneza malaria katika bonde la Kilombero ilhali watu wengi wanalala ndani ya vyandarua vyenye dawa, umeshataja mdudu, mahali na tatizo, na msomaji anaanza kuiona njia ya utafiti kabla hujaieleza.

Hatua ya 3: Pitia ofisi ya utafiti ya taasisi yako mapema, maana bajeti na barua ya kukuunga mkono hupita mikononi mwa watu wengi.

Maswali ya wanachama

Shikamoo Mwalimu. Nimekuwa na likizo za uzazi. Je, zitaniangusha?

Marahaba, dada. Wellcome huzingatia mapumziko ya aina hiyo, kwa hiyo yataje waziwazi pamoja na tarehe zake.

Mwalimu, katika machapisho yangu mengi mimi si mwandishi wa kwanza wala wa mwisho, nafasi ambazo kwa kawaida ni za aliyefanya kazi kubwa na aliyeongoza. Nifanyeje?

Ndugu, chagua machache, kisha ueleze katika kila moja ulichofanya wewe: ulibuni jaribio, ulichambua takwimu, au ulimsimamia mwanafunzi aliyekusanya sampuli.