Kumtunza Chiriku Aliyeharibika Manyoya ya Bawa

Kwanza litazame bawa lenyewe: likining'inia chini kuliko la pili, huenda mfupa umevunjika, na hapo chiriku apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Ikiwa ni manyoya tu, fahamu kwamba unyoya uliovunjika haurefuki tena. Kisiki chake hukaa pale pale hadi ndege abadilishe manyoya, ilhali ule uliong'oka wote kwa kawaida huota upya katika wiki 4 hadi 6. Hata hivyo usiving'oe visiki ili kuharakisha mambo, maana ni maumivu makali.

Unyoya mchanga huchomoza ukiwa ndani ya ala nyeusi-nyeusi yenye damu. Ukivunjika, ubane taratibu kwa pamba safi. Damu isipokoma, mwone daktari.

Teremsha vijiti vya kutulia karibu na sakafu ya tundu, asije akaanguka. Manyoya hujengwa kwa protini, basi pamoja na ulezi na sukuma wiki mpe yai lililochemshwa na kupondwa, na maganda yake yaliyosagwa. Parachichi, hata yakijaa sokoni Kisumu, ni sumu kwake.

Nakuru usiku huwa baridi, lakini nakusihi usimwekee jiko la makaa chumbani, kwa kuwa hewa yake humuua ndege upesi. Funika tundu kwa shuka, ukiacha upande mmoja wazi. Manyoya yakizidi kukatika, chunguza kama wenzake wanamdonoa, au kama ana utitiri.