Usipandishe WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java) moja kwa moja kwenye Tomcat (seva ya kuendesha programu hizo) inayofanya kazi
Pandisha faili ndani ya webapps (folda ya programu za Tomcat) kwa jina la muda, mfano duka.war.muda. Likishafika lote, ndipo uandike: mv duka.war.muda duka.war. Tomcat hukagua folda hiyo kila sekunde 10 hivi na, kwa upande wa mafaili, hushughulika tu na majina yanayoishia .war; ikikuta faili kubwa la namna hiyo limefika nusu, italifungua hivyohivyo, na kwenye logi utakuta ZipException (kosa la faili la zip lisilosomeka). Kubadili jina ndani ya folda ileile ni kufumba na kufumbua. Njia hii haisaidii kama autoDeploy (mpangilio wa Tomcat kuanzisha programu mpya yenyewe) ni false (hapo anzisha seva upya), au kama faili ni la root (msimamizi mkuu wa mfumo) na mtumiaji tomcat hawezi kulisoma: chown (kubadili mmiliki) kwanza, mv baadaye.