Somo: Kusafisha na kufunga upya vibati vya gari la zamani la jeshi

Habari za wikiendi, ndugu zangu. Nimevua vibati vinne, vile vipande vidogo vya madini vyenye maandishi ya kiwandani, kwenye Land Rover yangu ya Series IIA, ile ndefu ya inchi 109 iliyotumika jeshini kabla ya kuja kwa raia. Kimoja kilikuwa kimefunikwa na tabaka tatu za rangi: kijani, kijivu, halafu kijani tena. Rangi ilipoachia, pembeni ya maandishi ya kiwandani nikakuta mikwaruzo ya msumari. Dereva fulani alijiandikia kiasi cha oili. Mwandiko wake nimeuacha pale pale, na ndiyo sababu ya somo hili: kibati tunakisafisha ili kisomeke, hatukifanyi kipya.

Kabla ya kugusa chochote

Piga picha, pima umbali wa kibati kutoka kila ukingo, kisha weka karatasi nyembamba juu yake uisugue kwa ubavu wa penseli. Herufi zitajitokeza zenyewe. Karatasi hiyo iandike tarehe na uitunze pamoja na kadi ya gari. Picha hudanganywa na mwanga, lakini karatasi ya penseli inabaki na vipimo halisi.

Kuvua

Usichokonoe kwa bisibisi. Kona ikishapinda, alama yake haiondoki. Kama ni ribiti, gonga sentapanchi katikati ya kichwa, toboa kwa biti ndogo kuliko mwili wa ribiti, kichwa kikilegea kikwanyue taratibu. Kama ni vile vimisumari vya kugongelea vyenye mzunguko kama skrubu, tia oili nyepesi usiku, asubuhi bana kichwa kwa plaizi ya kujifunga na ukizungushe kinyume cha saa. Kama nyuma panafikika, gonga kutokea huko.

Kujua ni madini gani

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami niliharibu hapa. Kibati changu cha kwanza nilikitia kwenye maji ya asidi ya betri nikidhani ni bati tu. Kilitoa povu, na nilipokitoa nusu ya maneno hayapo. Kilikuwa cha zinki. Miaka imepita na bado naumia.

Anza na sumaku. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, kwaruza kidogo upande wa nyuma: njano ni shaba ya njano, ile mafundi wanaiita brasi. Ikiwa nyeupe, pima uzito mkononi. Alumini ni nyepesi sana. Zinki ni nzito na ina rangi ya kijivu inayoelekea bluu.

Brasi inavumilia ndimu na chumvi kwa dakika chache, kisha suuza vizuri. Zinki haitaki asidi wala kostiki soda. Alumini nayo kostiki huitafuna. Kwa hizo mbili tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini.

Kutoa rangi ya zamani

Loweka kibati kwenye thina ndani ya kopo lenye kifuniko, nje ya nyumba, mbali na jiko la mkaa. Acha usiku kucha. Kisha chonga kijiti cha mwanzi kiwe na ncha bapa na uondoe rangi herufi moja moja. Sisi wa Iringa mwanzi hautupi shida, hata ulanzi, pombe yetu, unatoka kwenye mwanzi. Mwanzi una ugumu wa kusukuma rangi iliyolainika lakini haukwaruzi madini. Brashi ya waya weka mbali kabisa.

Kunyoosha

Brasi na alumini weka katikati ya vibao viwili vya mbao ngumu, kaza jiriwa pole pole, acha kwa saa kadhaa. Mbao ya paini ya Mafinga ni laini mno kwa kazi hii, tafuta mninga.

Zinki ina tabia yake. Ikiwa baridi hukatika kama biskuti, lakini kati ya nyuzi 100 na 150 za Selsiasi inakubali kupinda. Maji ya kuchemka hayafiki huko, na kwa Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Mimi napasha mchanga mkavu kwenye karai, nauzungusha hadi tone la maji likidondoka linachacharika mara moja, ndipo nafukia kibati kwa dakika kumi. Kitoe kwa koleo, kibane kwenye mbao kikiwa bado cha moto. Na asubuhi ya Julai usijaribu kunyoosha zinki bila moto.

Rangi

Kama herufi zimeinuka, paka rangi ya mafuta nyembamba kibati chote, acha ikauke kabisa. Kisha laza msasa wa maji namba 1000 juu ya kipande cha kioo cha dirisha, geuza kibati kifudifudi, sugua kwa duara ukinyunyiza maji. Kioo kimenyooka, hivyo msasa unagusa vichwa vya herufi tu. Kagua kila baada ya mizunguko mitatu. Kama herufi zimezama, fanya kinyume: jaza rangi, kisha futa uso kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kibao. Sehemu zilizogongwa namba kwa mihuri usizipitishe kwenye msasa.

Wakati wa baridi ya Juni na Julai toa siku tatu au nne za kukauka. Maliza kwa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini.

Kufunga

Angalia unafunga juu ya nini. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni alumini, lakini ukuta wa mbele unaotenga injini ni chuma. Brasi ikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa na kuota unga mweupe. Kwa hiyo paka vanishi nyuma ya kibati, kata washa nyembamba za tyubu ya baiskeli uziweke katikati, na tumia ribiti za alumini. Silikoni inayonuka siki usiitumie, ina asidi. Anza na kona moja, kisha ile inayotazamana nayo kimshazari, na usikaze hadi kibati kibonyee.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Ipogolo: Kamwene, kaka. Kibati cha namba ya chasisi kimepotea. Naweza kutengeneza kipya na kugonga namba mwenyewe?*

Kamwene. Hapana, usigonge. Namba ya kweli itafute kwenye chasisi yenyewe. Kwa Series II na III iko mbele kulia, kwenye mkono unaoshika springi. Sugua kutu taratibu uilinganishe na kadi. Zikipishana, nenda TRA kabla ya fundi.

*Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo. Nina Jeep ya Willys ya babu, vibati vyake vitatu viko kwenye mlango wa kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Kimoja kina namba 65. Ni nini?*

Marahaba, dada. Ni mwendo wa juu kwa gia ya tatu, maili 65 kwa saa, karibu kilomita 105. Hicho ni kibati cha tahadhari. Usikibadilishe kuwa kilomita.

*Mwanachama, Makambako: Cha Bedford yangu ni chuma na kutu imekula kona mbili. Nichomelee?*

Usichomelee, moto utakipinda chote. Kata kibati kipya chembamba cha chuma chenye ukubwa ule ule, kipake rangi ya kuzuia kutu, ulaze cha zamani juu yake kwa gundi ya epoksi. Ribiti zitashika kile cha chini.

*Mwanachama, Mbalizi: Nirudishe na namba za jeshi kwenye bampa ili lionekane halisi?*

Hapana, mkuu. Namba za jeshi ni za jeshi. Vibati vya ndani vinatosha kabisa.

*Mwanachama, Tukuyu: Ndaga fijo, asante sana. Na ile mikwaruzo ya msumari, ilisema oili kiasi gani?*

Ilisema "6½", na chini yake mstari mmoja mrefu, kama mtu aliyekuwa na haraka.