Kushuka ufukoni ukiwa kwenye meli ya mto Amazon, Peru

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kinga haiji siku hiyohiyo.

Panda mashua ukikanyaga katikati, mmojammoja. Unaposhuka, shikaneni na baharia vifundo vya mikono, maana vidole vyenye jasho huteleza. Jaketi la kuokolea livuliwe ukiwa tayari nchi kavu.

Vaa buti za mpira na soksi ndefu. Paka mafuta ya jua kwanza, yakishakauka ndipo dawa ya mbu. Msituni usishike mti wowote, hata ukiteleza: michikichi mingine ina miiba, na ndani ya mti wa tangarana hukaa sisimizi wakali wanaotoka kwa maelfu ukiugusa. Tembea na fimbo.

Kwa vikapu vya wanakijiji, beba noti ndogo za soli, pesa ya Peru, chenji hakuna.