Buibui mbwamwitu ndani ya nyumba: kumtambua, kumtoa na kumtibu aliyeumwa

Mvua za Desemba zikianza Dodoma, wadudu hujaa kwenye taa ya kibarazani na buibui huyu huwafuata. Hategi utando, huwinda chini kwa mbio.

1. Mtambue. Shika tochi usawa wa macho yako, mulika sakafuni: macho yake yatarudisha mng'ao. Yapo manane katika safu tatu, manne madogo chini, mawili makubwa katikati, mawili juu. Jike huburuta mfuko wa mayai nyuma ya tumbo. Yakianguliwa, watoto hupanda mgongoni. Huyo usimpige kandambili. Watoto kwa makumi watatawanyika, na kazi ya dakika moja itakuwa ya usiku mzima.

2. Mtoe. Tafuta bakuli la plastiki angavu, mdomo sm 10 au zaidi (glasi nyembamba humkata miguu), na jalada gumu la daftari. Shusha bakuli polepole kutoka juu; ukilibamiza atakuwa ameshafika chini ya kitanda. Telezesha jalada, beba vyote pamoja, mwachie kwenye mtama au bustani. Huko ana faida, anakula wadudu.

3. Ziba njia. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli, ipigilie chini ya mlango hadi iguse sakafu. Zima taa ya nje usipoihitaji. Kuni na matofali yakae mbali na ukuta. Dawa ya kupuliza ni hasara tu: anatembea kwa ncha za miguu, haigusi sana, na mlango ukibaki wazi mwingine ataingia.

4. Akiuma. Huuma akibanwa, mathalani ndani ya kiatu au nguo iliyolala chini, kwa hiyo kung'uta kabla ya kuvaa. Osha jeraha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi dakika 10, pumzika, rudia. Maumivu na uvimbe kidogo ni kawaida, parasetamoli inatosha. Usichanje, usifunge kamba, usinyonye.

Brazili waliwahi kumlaumu kwa vidonda vinavyooza, hata wakatengeneza dawa ya sumu yake, mpaka wagonjwa waliofuatiliwa kwa karibu wakaonesha si yeye. Kwa hiyo kidonda kikizidi kuwa chekundu, kikatoa usaha au kuleta homa, kitibiwe zahanati kama maambukizi ya bakteria. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali papo hapo.