Namna ya kuitazama filamu ya School Daze bila kuizima katikati

Mara ya kwanza niliizima. Nilitaka hadithi, nikapewa wimbo, halafu mabishano, halafu wimbo tena. Mara ya pili nilibadili mbinu, na ndiyo hii ninayokupa.

Tenga saa mbili kamili. Usiruke utangulizi: zile picha za kale za historia ya Wamarekani weusi zinapita huku kwaya ya wanaume wa Morehouse, chuo cha Wamarekani weusi, ikiimba. Mwongozaji Spike Lee alisoma hapo, Atlanta, na filamu hii ya 1988 alianza kuipiga hapohapo, mpaka uongozi ulipomtoa akamalizie chuo jirani.

Chukua karatasi, chora mstari katikati. Kulia mwandike Dap (Laurence Fishburne), mwanafunzi anayetaka chuo kiache kuwekeza kwenye kampuni zinazofanya biashara na makaburu wa Afrika Kusini. Kushoto Julian (Giancarlo Esposito), mkuu wa Gamma, chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume, anayewaburuza vijana wanaoomba kujiunga. Kila ugomvi ukizuka, weka alama: ni wa siasa, wa rangi, au wa nywele? Kwangu nywele zilijaza karatasi.

Ndiyo maana ukifika saluni, urudie wimbo mara tatu. Kwanza sikiliza maneno: wasichana wenye nywele za kipilipili wanapigana vijembe na wale wa nywele za singa, wengi wao maji ya kunde. Kisha zima sauti, tazama mabega na viuno. Matusi yote yamo humo. Mara ya tatu kodolea vipepeo vya mkononi wanavyojipepea. Vina sura za Hattie McDaniel na Vivien Leigh, waigizaji wa yaya mweusi mtumwa na bibi mzungu anayemtumikia katika filamu ya zamani Gone with the Wind. Wakati wa kupiga filamu, Lee alizilaza kambi hizi mbili hoteli tofauti, kwa hiyo ile mibetuo ya midomo si uigizaji mtupu.

Wasio wanachuo wana tukio moja fupi, Samuel L. Jackson akiwakabili kina Dap nje ya mgahawa wa kuku. Hapo simamisha uvute pumzi. Mimi nililipita nikitafuta maji. Na ujue mapema kuwa Jane, mpenzi wa Julian, anafanyiwa unyama kuelekea mwisho. Usiitazame na watoto.

Alfajiri Dap anawaamsha wote, nao wanajikokota hadi uani. Angalia nani amesimama karibu na nani, ulinganishe na karatasi yako.