SOMO: Kupima kitu usichoweza kukiwekea rula, kuanzia seli ya shavu hadi nyota

Wengi hudhani hadubini na darubini kazi yake ni kukuza tu. Ukishakuza, swali linabaki palepale: hiki ninachokiona kina ukubwa gani, au kiko mbali kiasi gani? Mwanasayansi hutafuta kwanza kitu ambacho kipimo chake anakijua, kisha analinganisha. Tuanze na seli zako mwenyewe.

Mahitaji: hadubini ya mwanga yenye lenzi za 4x na 40x, slaidi na kifuniko chake, kijiti cha pamba, rangi ya kupaka seli (iodini au methilini bluu), na rula ya plastiki inayopitisha mwanga.

Hatua ya 1: Pima duara unaloliona. Weka rula chini ya lenzi ya 4x. Chungulia, sogeza rula mpaka mstari mmoja uguse ukingo wa duara, kisha hesabu milimita hadi ukingo wa pili. Anzia katikati ya mstari, maana mistari ya rula ikikuzwa inakuwa minene kama magogo. Lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ikiwa 10x, hadubini nyingi za shule hutoa kama milimita 4.5. Ukihamia 40x ukuzaji unapanda mara 10, kwa hiyo kipenyo cha duara kinashuka mara 10: milimita 0.45, yaani maikromita 450. Rula usiipeleke kwenye 40x; hutaona hata milimita moja nzima.

Hatua ya 2: Andaa slaidi. Sugua kijiti taratibu ndani ya shavu, paka katikati ya slaidi, dondoshea tone moja la rangi. Kifuniko kishushwe kwa kuinamishwa, upande mmoja utangulie, ili hewa ipate pa kutokea. Kijiti kikishatumika kitupwe, na mtu asitumie cha mwenzake.

Hatua ya 3: Tafuta seli. Anzia 4x, ukishaziona ndipo upande. Kwenye 40x gusa skurubu ndogo ya kurekebisha taswira tu. Ile kubwa huvunja slaidi, na lenzi inaweza kukwaruzika. Seli za shavu ni bapa, kingo zake hazina umbo maalumu, na kadoa kaliokolea rangi ndani yake ndiko kiini.

Hatua ya 4: Kadiria. Jiulize: seli kama hii zikipangwa mstari mmoja, ngapi zitatosha kukatiza duara? Zikiwa 7, gawa 450 kwa 7, unapata maikromita 64 hivi. Usiishie kwa seli moja. Pima 10, andika ndogo kuliko zote, kubwa kuliko zote, na wastani. Mtu akiniletea "64.29" namrudishia, kwa sababu jicho lililokadiria "kama 7 hivi" haliwezi kuzaa desimali mbili.

Hatua ya 5: Inua macho. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, kitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kidole kinaruka mbele ya vitu vya mbali. Umbali wa jicho hadi kidole ni kama mara 10 ya nafasi kati ya macho yako, kwa hiyo kidole kikiruka mita 20 kwenye ukuta wa mbali, ukuta uko kama mita 200 kutoka ulipo.

Nyota hupimwa hivyohivyo, ila "macho mawili" ni Dunia ikiwa upande huu wa Jua, na Dunia hiyohiyo baada ya miezi sita, kilomita milioni 300 kutoka pale ilipokuwa. Mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Bessel alitangaza kipimo cha umbali wa nyota ya 61 Cygni mwaka 1838. Mruko wake haufikii hata sehemu moja ya 3,600 ya digrii, ndiyo maana waliomtangulia walihangaika sana. Leo tunajua nyota hiyo iko umbali wa miaka-nuru 11 na ushee (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja).

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi naona miduara myeusi mikubwa, haina kiini. Ni seli?
Jibu: Hapana, hivyo ni viputo vya hewa. Ukingo mnene mweusi na duara lililokamilika ndiyo dalili yake. Rudia hatua ya 2.

Swali: Nikipata lenzi kali zaidi, nitaona virusi?
Jibu: Vingi hutaviona. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe unaweka mpaka: vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nanomita 200 (yaani maikromita 0.2) vinaonekana kimoja. Ukizidi kukuza unakuza ukungu. Kwa virusi hutumika hadubini ya elektroni.

Swali: Naweza kupiga picha kwa simu nikapimia humo?
Jibu: Ndiyo, mradi upige picha ya rula na ya seli bila kugusa zumu, na uingize ile tofauti ya mara 10 kwenye hesabu.

Swali: Mwalimu, na Mwezi nao hupimwa kwa mruko?
Jibu: Zamani ndiyo. Siku hizi hupigwa leza kwenye vioo vilivyoachwa huko, vya kwanza na Apollo 11 mwaka 1969. Mwanga huenda na kurudi kwa sekunde 2.56 hivi. Zidisha kwa kilomita 300,000, gawa kwa 2: kilomita 384,000. Kipimo hiki ni makini kiasi kwamba kimeonyesha Mwezi unatukimbia kama sentimita 3.8 kila mwaka.